Hita ya nje niifunge mpira upi?

SWALI: Kaka habari, mi niko Kabale, Uganda, huku usiku baridi si mchezo na samaki wangu wa tanki la lita 150 wanazubaa tu chini. Nimepata hita ile ya kufunga nje kwenye mpira wa filta, sasa naiweka mpira unaovuta maji au unaorudisha? Na umeme ukikatika?

JIBU: Pole ndugu yangu, wa Kampala hawajui hiyo baridi, wengi wao hita hata hawahitaji. Funga kwenye mpira unaorudisha maji tankini, yaani baada ya filta, maana hapo maji yashachujwa na uchafu haugandi ndani ya hita. Isimamishe wima ili hewa isibaki ndani. Kabla hujakata mpira pima kipenyo kwanza, kuna hita za mpira wa milimita 12/16 (yaani 12 kwa ndani, 16 kwa nje) na za 16/22, ukilazimisha itavuja tu, na hapo mke wako atakutimua wewe na samaki wako.

Wati 150 mpaka 200 zinakutosha, weka nyuzi 25 hivi, ila panda polepole usiwashtue.

Umeme ukikatika vyote vinazima, sawa, shida ni ukirudi halafu filta ikagoma hita ikawaka peke yake bila maji kupita, hiyo inaweza kuungua kabisa, kwa hiyo umeme ukirudi kaangalie kama maji yanatoka. Siku ya kusafisha filta, hita ndo ya kwanza kuchomoa.