Umepewa zamu uiongoze na akili haitulii: jibu langu kutoka kiwanda cha mkonge

Mkuu, umeuliza ufanyeje upate umakini tangu ulipopewa usimamizi wa zamu, maana simu haikomi kuita, watu hawakomi kugonga mlango, na jioni hukumbuki umemaliza nini. Wadau hapo juu wamekushauri uamke saa kumi alfajiri na ufute WhatsApp. Kuamka mapema sina ugomvi nako, ila huku kwenye mkonge sote tunaamka saa hizo, na bado wapo wasimamizi wasiojua kinachoendelea nje ya mlango wao.

Mimi nasimamia korona, kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge, hapa Tanga upande wa Muheza. Naona umechanganya mambo mawili. Kuna kukaza akili kwenye jambo moja, na kuna kuwa macho na yanayokuzunguka. La kwanza likizidi, la pili linapungua. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris wa Marekani waliwaonyesha watu video ya vijana wakipasiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi za timu yenye fulana nyeupe. Katikati anapita mtu aliyevaa vazi la gorila, anajipiga kifua, anaondoka zake. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Na si kwamba walikuwa wazembe, walikuwa kazini wanahesabu! Kwa hiyo bosi anayejisifu kwamba akishika ripoti haoni kingine, mimi namwogopa.

Mimi nimegawa muda. Ripoti naandika asubuhi mashine zikishashika kasi, mlango nimefunga, simu iko kwa karani. Saa hiyo fundi wa zamu ndiye mwenye kiwanda, na kila mtu anajua: likitokea la kusimamisha mashine anasimamisha, maelezo baadaye. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanataka utulivu lakini hawataki kumwachia mtu uamuzi, basi kutwa wanachungulia dirishani.

Nikitoka, nimetoka kweli, sina karatasi wala simu mkononi. Nasimama pale majani yanapoingilia, nasikiliza. Vijana wakiilisha mashine kwa pupa, mngurumo unakuwa mzito. Kisha nazunguka upande wa pili nishike singa, zile nyuzi za mkonge, zinapotoka. Zikiwa bado zina nyama ya jani, ya kijani, inayoteleza vidoleni, ama visu vinataka kurekebishwa ama maji ya kuoshea yamepungua. Ukisubiri ripoti ikuambie hilo, singa zimeshakauka na madoa yake.

Na watu nao wanasomeka hivyo hivyo. Kuna mama wa kuanika singa, mcheshi kupita kiasi, siku moja nikamkuta kimya. Nikamvuta pembeni. Kumbe mjukuu ana homa tangu usiku. "Mwanangu, nikiondoka si nitakatwa siku?" Nikamwambia, "Mpeleke hospitali mama, habari ya siku niachie mimi na ofisi." Angebaki, mikono ingekuwa kwenye kamba na akili nyumbani.

Kuhusu kukatizwa: mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukiruka kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili inabaki kwenye ile uliyoiacha. Mimi kabla sijainuka naandika mstari mmoja kwenye daftari, nimeishia wapi na nikirudi naanza na nini. Nikifika kwenye mashine sibebi tena hesabu za mahudhurio kichwani.

Grupu la kazini usilifute, utakosa mengi. Kubalianeni tu kwamba dharura ni ya kupiga simu, na aliyeshika simu yako ajue cha kufanya. Mengine yaandikwe, utayajibu saa sita mchana. Mwanzoni watanuna. Na kama anayekutumia meseji kila dakika ni bosi wako, usimjibu kwa meseji. Mfuate ofisini, mwamkie vizuri, mtajie saa ambazo atakupata bila shida.