Ndururu ya mfalme asiyetawazwa

SWALI: Watoto wangu wakitoka shule husongamana na wenzao kwenye kioo cha duka la sarafu na stempu mjini. Juzi mchuuzi wa hapo nje alimtaka mkubwa shilingi 2,000 kwa ndururu (senti 5) yenye tundu ya 1936. Ina thamani hiyo? Na sarafu za babu yao zimeingia weusi, tuzisugue na nini?
Mama Njeri, Umoja

JIBU: Mama Njeri, bei hiyo aikatae. Edward VIII alirithi ufalme wa Uingereza Januari 1936, akajiuzulu Desemba kabla ya kutawazwa. Senti 1, 5 na 10 za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, hivyo zilibeba jina la mfalme bila sura yake, na za Edward, senti 5 na 10, zikawahi kutoka kabla hajajiuzulu. Zilitoka kwa wingi, ndiyo maana si adimu. Mtoto asome jina, EDWARDVS VIII, kwa kuwa zipo za 1936 zenye jina la George V.

Msisugue chochote, tafadhali! Dawa ya meno, limau na majivu hula uso wa sarafu, na mkusanyaji huiona mikwaruzo mara anapoigeuza kwenye mwanga. Ule weusi wa shaba uacheni. Penye udongo, loweka katika maji vuguvugu yenye tone la sabuni, suuza, kisha kausha kwa kugandamiza kitambaa cha pamba. Ishikwe ukingoni. Ihifadhiwe katika bahasha ndogo ya karatasi, kwani plastiki laini yenye harufu huacha utando wa kijani unaonata.

Kwenye sarafu za babu, tafuteni shilingi za zamani za Afrika Mashariki zenye simba. Za 1921 hadi 1946 zina madini ya fedha asilimia 25. Za kuanzia 1948 hazina madini hayo. Sumaku haivuti za aina yoyote kati ya hizo, kwa hiyo someni mwaka.

Wanaoanza waanzie mfukoni: twiga (1), kifaru (5), simba (10) na ndovu (20) za toleo la 2018. Seti nzima ni shilingi 36, ila wachague zisizochakaa.

SWALI: Stempu zinachanika nikizibandua.
Msomaji, Kariobangi

JIBU: Usizivute. Kata bahasha ukiacha sentimita 1 pande zote, ielee kwenye maji vuguvugu, uso juu, dakika 15 hadi 20; stempu itateleza yenyewe. Bahasha za rangi ziloweke peke yake, zinachuja. Zile za kujibandika nyingi hazitoki kwa maji: ziache na karatasi yake.