Mkuu, hiyo fyuzi ya 30 usiiweke

Kama bado hujaiweka, iache hapo hapo mezani. Kama fundi ameshaichomeka, nenda kaitoe kwanza, haya maelezo utayamalizia ukirudi.

Umeandika kwamba Hilux Vigo yako ilishushwa kolamu ya stelingi, ule mhimili unaobeba usukani, ili ibadilishwe joint. Tangu irudishwe, fyuzi ya ampea 10 ya dashibodi inaungua ukikata kona au ukishusha usukani, honi haipigi, taa ya eabegi haizimiki, stelingi imekuwa nzito, na unauliza bei ya kolamu ya mtumba. Halafu mwishoni, kama kitu kidogo tu, ukasema fundi anataka kuweka fyuzi ya 30 "tuone kama itatulia". Baadhi ya mengine nitayagusa. Hilo la mwisho ndilo limenifanya niache kazi zangu nikuandikie.

Itatulia, mkuu. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Yangu ilitulia vizuri kabisa. Nilikuwa na Hilux double cabin, kolamu ilishushwa kwa sababu ya bushi, ikarudishwa, fyuzi ikaanza kuungua. Fundi akaniambia fyuzi za siku hizi ni za Kichina, hazina nguvu, akatoa ile nyekundu ya 10 akachomeka ya kijani ya 30. Nikakubali. Dashibodi ikawaka, indiketa zikafanya kazi, nikamlipa, nikapakia mzigo kwenda Iringa.

Kwenye mlima Kitonga, usiku, gari likiwa linavuta kwa gia ndogo, nikaanza kusikia harufu ya plastiki inayoungua. Mara moshi ukatoka kwenye kava la chini ya usukani, taa za dashibodi zikafa zote kwa pamoja. Nyuma yangu malori, kulia ukuta wa mlima, kushoto unajua kulivyo. Kilichoniokoa ni kwamba spana ya 10 ilikuwa kwenye mfuko wa mlango na sio chini ya mzigo. Nikafungua boneti, nikatoa kichwa cha negativu cha betri. Moshi ukakata.

Asubuhi kava lilipofunguliwa ndipo tukaona. Waya mmoja tu ndio ulikuwa umebanwa na boliti ya kolamu, mmoja mwembamba. Lakini nyaya za pale zinafungwa pamoja kwa tepu, kwa hiyo ulipoyeyuka uliyeyusha na jirani zake wote: wa waipa, wa indiketa, wa taa kubwa, na ule mnene wa swichi ya funguo ukabaki umevuliwa ganda. Hapo hakuna cha kuunga. Ilibidi dashibodi nzima ishuke na wayaringi itafutwe ya mtumba. Nikazunguka Shaurimoyo kwenye maduka ya spea mpaka miguu ikaota moto. Unapata ya petroli wakati yako ni dizeli, soketi moja haifanani, unarudisha. Unapata inayofanana, imekatwa kwa kisu kwenye kona muhimu kuliko zote. Na dashibodi ikishashushwa haikai tena kama ilivyotoka kiwandani, klipu zinavunjika, gari linaanza kupiga kelele kwenye rafu. Pesa niliyoteketeza pale ingetosha kushusha na kurudisha kolamu mara nyingi, kwa fundi bora kuliko wote mjini.

Sasa niseme kuhusu yule fundi, maana mpaka leo nikikumbuka damu inachemka. Alijua. Mtu aliyefungua boliti kwa mikono yake, akazirudisha kwa mikono yake, halafu fyuzi iliyokuwa nzima miaka yote ikaanza kuungua siku hiyo hiyo, hana haki ya kusingizia fyuzi. Hakutaka kushusha kolamu mara ya pili bure, basi. Akaona afadhali ahamishie hasara kwangu, tena barabarani, na roho yangu ikiwemo ndani. Fyuzi feki zipo, sikatai. Ila fikiria mwenyewe: ni fyuzi gani feki inayojua kwamba umekata kona? Ikiungua ukizungusha au ukishusha usukani, maana yake kuna waya unaguswa kitu kinaposogea. Na hatari kubwa ya fyuzi feki ni kinyume cha anachosema fundi wako. Hatari yake ni kutoungua pale inapotakiwa kuungua.

Fyuzi imewekwa kulinda waya. Watu wengi wanadhani inalinda taa au redio. Waya wa saketi ya ampea 10 ni mwembamba, na aliyetengeneza gari ameupimia mzigo huo. Ukiruhusu ampea 30 zipite, joto halipandi mara tatu, linapanda mara tisa, kwa sababu joto la waya linakwenda kwa mkondo kuzidishwa na mkondo. Ganda la plastiki haliwezi kuvumilia hilo. Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi haipandishwi. Ya 10 ni ya 10. Haipandi hata kuwa 15, hata kwa dakika moja ya kujaribu. Na ukimwona fundi anachomeka kipande cha waya badala ya fyuzi, mnyang'anye funguo za gari.

Badala ya fyuzi kubwa, tumia balbu. Chukua balbu ya breki au indiketa ya wati 21 na kishikio chake, toa nyaya mbili, zichomeke kwenye zile nafasi mbili za fyuzi iliyoungua. Washa funguo bila kuwasha injini. Kama kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu zake zote. Kama hakuna, itawaka hafifu tu au isiwake, kwa sababu umeme unagawana na mizigo ya kawaida. Balbu ya wati 21 inapitisha ampea chini ya 2 hivi, kwa hiyo waya hauwezi kuungua hata ukikaa hapo nusu saa ukitafuta, na humalizi fyuzi.

Sasa balbu ikiwa pale, fanya yale yanayounguza fyuzi. Zungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho, ukiwa umeinua matairi ya mbele. Pandisha na shusha kolamu kwa lile komeo lake. Tikisa mafungu ya nyaya moja moja. Mtu mwingine aangalie balbu; mahali inapobadilika ghafla ndipo penye ugonjwa. Ikiwa inawaka tu bila kubadilika, chomoa soketi za swichi ya indiketa na waipa moja baada ya nyingine uone inafifia kwa ipi. Soketi ya swichi ya funguo usiichomoe kwa kipimo hiki, maana fyuzi ya dashibodi inapata umeme kutoka huko. Ukiichomoa balbu itazimika hata kama shoti ipo, na utaondoka umedanganyika.

Anza kuangalia pale breketi ya kolamu inapokutana na chuma kinachopita nyuma ya dashibodi. Mafundi wengi wanainua kolamu na kukaza boliti bila kuingiza mkono kuhakikisha nyaya ziko pembeni. Kwangu ilikuwa hapo hapo. Pengine ni klipu inayoshika fungu la nyaya, haikurudishwa, sasa nyaya zinaning'inia kwenye sehemu inayocheza. Pengine ni skrubu ndefu ya kava imeingia mahali pa skrubu fupi, ikatoboa waya.

Ukiupata waya, tepu peke yake haitoshi. Toa betri, legeza kolamu, utoe waya pale ulipobanwa, ukate palipochubuka, uunge kwa risasi na kuufunika kwa mrija unaosinyaa kwa moto, kisha uufunge mbali na chuma. Ndipo irudi fyuzi nyekundu ya 10, usafiri.

Honi na eabegi: vyote viwili vinapita kwenye ule utepe wa nyaya uliojiviringisha nyuma ya usukani. Usukani ukizungushwa ovyo wakati kolamu iko nje, utepe unakatika. Nina wasiwasi ndivyo ilivyokuwa kwako, kwa sababu vimekufa pamoja. Lakini hapo usiguse mwenyewe. Soketi za njano ni za eabegi. Hata fundi lazima atoe negativu ya betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kuzishika, na asipime eabegi kwa mita kabisa, maana umeme mdogo wa mita unaweza kuilipua. Hii balbu niliyokueleza nayo isikaribie fyuzi ya eabegi.

Huyo fundi wako mwambie arudi ashushe kolamu yake, kwa gharama yake, na wewe usimame hapo ukiangalia. Akikataa tafuta mwingine, ila gari lisitembee. Fanya kipimo cha balbu leo mchana kukiwa na mwanga, kisha andika hapa ilibadilika ulipogusa wapi. Piga na picha ya fungu la nyaya chini ya kava, nikiiona nitakuambia pa kuanzia.