Kwa wewe unayeanza ukarani wa uchaguzi Minnesota

Ukishakula kiapo cha uraia wa Marekani, umefikisha miaka 18 na umeishi Minnesota angalau siku 20, una haki ya kupiga kura hapa. Una haki pia ya kukaa upande wa pili wa meza, ukawapokea wapiga kura wenzako. Kazi inalipwa, mafunzo ya msingi ni ya saa mbili hivi, na vituo vina hamu na watu wanaojua lugha zaidi ya moja. Mwaka huu wa 2026 mchujo, yaani uchaguzi wa kuteua wagombea wa vyama, ni Agosti 11 na uchaguzi mkuu ni Novemba 3. Ukitaka kuingia, jiandikishe mapema katika ofisi ya mji au kaunti yako, na umwandikie mwajiri barua siku 20 kabla. Ukifanya hivyo sheria inakulinda: hawezi kukuadhibu kwa kukosa kazini siku hiyo, ingawa anaweza kukata kwenye mshahara kiasi ulicholipwa kituoni.

Utaulizwa chama chako. Usiogope swali hilo. Makarani wa chama kimoja hawaruhusiwi kuzidi nusu ya waliopo kituoni, na zipo kazi ambazo lazima zifanywe na wawili wa vyama tofauti, kwa mfano kumpelekea karatasi ya kura mgonjwa aliyebaki ndani ya gari. Wanademokrati wa huku utawasikia wakiitwa DFL (Democratic-Farmer-Labor), jina lililobaki tangu walipoungana na chama cha wakulima na wafanyakazi mwaka 1944. Wapiga kura wenyewe hawajiandikishi kwa chama.

Kabla ya siku yenyewe, tafuta mfano wa karatasi ya kura ya kituo chako uusome mbele na nyuma. Mwaka huu anachaguliwa gavana pamoja na naibu wake kwa kura moja, kisha katibu wa jimbo, mkaguzi wa hesabu, mwanasheria mkuu, na viti vyote vya bunge la jimbo: maseneta 67 na wawakilishi 134. Chini yao wanakuja kamishna wa kaunti, sherifu, bodi ya shule, wasimamizi wa hifadhi ya udongo na maji, na majaji, ambao huku huchaguliwa kwa vipindi vya miaka sita. Mengi ya hayo huwa upande wa nyuma, na watu wengi hawageuzi karatasi. Kwa maoni yangu huko nyuma ndiko kuliko na mambo yanayomgusa mhamiaji kila siku: shule ya mtoto, kodi ya majengo, polisi wa kaunti. Kazi yako si kumwambia amchague nani. Mkumbushe tu kwamba karatasi ina pande mbili.

Kwenye mchujo tahadhari ni nyingine. Karatasi ina safu za vyama, na mpiga kura anatakiwa kubaki kwenye safu moja. Akichanganya, mashine itairudisha karatasi. Mwambie bila kuangalia alichojaza kwamba anaweza kupewa nyingine.

Sasa meza ya uandikishaji. Kama unaweza kuchagua, omba ukae hapo, maana hapo ndipo mtu hubaki au huondoka. Minnesota imeruhusu watu kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura tangu miaka ya 1970. Sisi tuliokulia kwenye kadi ya mpiga kura na alama za vidole hutushangaza kwamba aliyekwisha kuandikishwa, na anwani yake haijabadilika, hadaiwi kitambulisho chochote. Anataja jina na anwani, anatia sahihi, basi. Asiyekuwemo, au aliyehama, ndiye anayehitaji ushahidi wa makazi: leseni yenye anwani ya sasa, au kitambulisho chenye picha hata kama muda wake umekwisha, pamoja na bili ya umeme au mkataba wa nyumba. Bili iliyo kwenye simu inakubalika.

Akikosa vyote, usimrudishe nyumbani. Muulize kama kuna jirani wa eneo hilohilo la kura aliyeandikishwa na anayejua anapoishi. Jirani huyo anaweza kula kiapo na kumthibitishia. Mtu mmoja anaweza kuwathibitishia watu wasiozidi wanane, ila aliyethibitishiwa siku hiyo hawezi kumthibitishia mwingine.

Halafu majina. Mama mmoja wa Kikongo anafika, anataja majina yake matatu, karani anaandika la mwisho kwenye tableti, hakuna kitu. Jaribu la katikati. Jaribu herufi tatu za mwanzo, kisha linganisha tarehe ya kuzaliwa. Mara nyingi yumo, ila aliandikwa kwa mpangilio mwingine. Usikimbilie kumwandikisha upya.

Asiyejua Kiingereza anaweza kuja na mtu wa kumsaidia, awe mwanawe au jirani, mradi si mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Na kwa wenzetu wenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, sema wazi popote utakapoulizwa: kadi hiyo haitoi haki ya kura, na kupiga kura bila uraia ni kosa linaloweza kukuondolea haki ya kukaa Marekani. Mtu asitie sahihi fomu ya uandikishaji kwa kuona aibu ya kukataa.

Saa 2 usiku mlango unafungwa, lakini aliyekwisha kusimama kwenye foleni atapiga kura, hata ikichukua saa nzima. Baada ya hapo utakuwa umechoka, na uchovu ndio hatari ya saa hiyo. Idadi ya risiti walizopewa wapiga kura baada ya kutia sahihi lazima ilingane na idadi ya karatasi zilizoingia kwenye mashine. Zikitofautiana hata kwa moja, hesabuni tena. Mara nyingi risiti mbili zimegandana. Msimamizi akichapisha matokeo, soma kila tarakimu kabla ya kutia sahihi, na usivae koti mpaka fomu zote ziwe zimejazwa na bahasha zimefungwa.