Maswali ya Wasomaji: Kushukuru Mwaka wa Mavuno Haba

Barua nyingi zilizofika msimu huu kutoka Nyanda za Juu Kusini zinagusa jambo moja. Mahindi yanavunwa, sharika zinatangaza Sikukuu ya Mavuno, na wasomaji wanauliza Mkristo ashukuru vipi pale ambapo alichokivuna na kilichomo moyoni mwake havilingani. Nimechagua barua tatu.

*Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkulima wa Umalila, Mbeya. Mwaka huu mvua zilizidi, ukungu ukaingia kwenye viazi, na majani yakawa meusi kabla hatujapata fedha za dawa. Mahindi nayo yaliliwa na viwavi, na deni la mbolea bado liko palepale. Kanisani imetangazwa kwamba kila kaya ilete debe moja siku ya Mavuno. Jirani yangu ananiambia nisilalamike, nitoe kwa imani, nami nitarudishiwa maradufu. Naona aibu kwenda, na kusema kweli sina moyo wa kushukuru. Nifanyeje?*

Marahaba mama, na pole sana kwa hasara hiyo. Naomba ufungue Kumbukumbu la Torati sura ya 26, ambapo Mwisraeli anaagizwa atie malimbuko ya shamba lake kapuni na kuyapeleka kwa kuhani. Sikiliza maneno anayopaswa kuyasema akiwa amesimama pale na kapu lake. Haanzi na baraka. Anaanza na baba yake aliyekuwa karibu na kupotea, anaeleza jinsi walivyoshuka Misri wakiwa wachache, jinsi Wamisri walivyowatesa na kuwatwika kazi ngumu, na jinsi walivyomlilia Bwana akaiona taabu yao. Ndipo mwishoni anapotaja mazao aliyoyaleta. Taabu imo ndani ya sala yenyewe ya shukrani, tena imechukua sehemu kubwa kuliko kapu. Kwa hiyo jirani yako, ingawa naamini anakutakia mema, amekosea kukufundisha kwamba anayeeleza hasara yake amemkosea Mungu. Mwambie Mungu habari za ukungu, mwambie habari za deni, na ulie ikibidi. Habakuki aliorodhesha mtini usiochanua, mashamba yasiyotoa chakula na zizi lisilo na kundi, akavitaja kimoja kimoja bila kuficha, kabla ya kusema kwamba hata hivyo atamfurahia Bwana. Hujaagizwa kuushukuru ukungu. Umeitwa kumshukuru Mungu ambaye hajakuacha mwaka huu wa ukungu, na moyo ukichelewa kufika hapo, yeye si mwepesi wa kukasirika.

Kuhusu debe, nitasema wazi. Wazee wa kanisa wanaotangaza kipimo kimoja kwa kila kaya wana nia njema, kwa kuwa usharika una mahitaji yake, lakini kipimo hicho si cha haki. Debe ni kama sehemu ya sita ya gunia la kilo 100. Kwa aliyevuna magunia 40 halionekani limetoka wapi, ila kwa aliyevuna mawili ni ugali wa watoto wa siku nyingi. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kama nia ipo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Chukua viazi vilivyosalimika, hata vikiwa vidogo kama mayai, vioshe, viweke kwenye sahani safi, uvipeleke mbele pamoja na wengine. Usikope ili utoe. Na ahadi ya kurudishiwa maradufu iache, kwa maana anayetoa akihesabu faida amefanya biashara, na hiyo haijawa shukrani bado.

Tena soma sura hiyohiyo hadi aya ya 11 na ya 12. Mlawi na mgeni wanatajwa miongoni mwa watakaofurahi, na katika mwaka wa tatu zaka inatolewa ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Maana yake ni kwamba mwaka ambao shamba limekukatalia, sikukuu hii ni yako zaidi, na kanisa ndilo linalopaswa kukuletea chakula. Mweleze mwinjilisti wa mtaa wako hali ya nyumbani bila kuzungukazunguka. Kama anaijua kazi yake, atajua la kufanya kwa mahindi yatakayorundikwa pale madhabahuni.

Kwa nyumbani nakushauri jambo dogo. Jioni mnapokaa jikoni kupukuchua mahindi, kila mtoto ataje kitu kimoja alichokipokea siku hiyo na mtu aliyekipitisha kwake: shangazi aliyeleta maharage, mwalimu aliyemsubiri hadi akaelewa hesabu, jirani aliyeazima pampu ya kunyunyizia. Wataje majina. Kisha nawe utaje la kwako, hata siku ambayo utalitafuta kwa muda mrefu.

*Kamwene Mchungaji. Nalima Kilolo, Iringa. Mwaka huu nimevuna kuliko miaka yote, lakini bei imeanguka, na wachuuzi wanakuja wakitaka lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Pia mnada wa sadaka siku ya Mavuno huniudhi, maana wenye fedha hupandisha bei wapigiwe makofi. Je, nitoe kimyakimya, au nisubiri bei ipande ndipo nitoe?*

Kamwene baba. Bei huanguka wakati wa mavuno kwa sababu kila mtu anauza kwa wakati mmoja ili alipe ada na madeni. Ukiweza kungoja, kausha mahindi vizuri, yahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ungoje. Hakuna dhambi katika ghala. Yule tajiri wa Luka sura ya 12 hakuitwa mpumbavu kwa kuweka akiba. Sikiliza mazungumzo yake: vyakula vyangu, ghala zangu, nafsi yangu. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, na katika shauri lote hilo hamna mke, kibarua, jirani wala Mungu. Hatari ya mwaka mzuri ni hiyo, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko hatari ya mwaka mbaya.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza utoe lini, uliza kama vibarua waliokuvunia wamelipwa. Yakobo anasema kwamba ujira uliozuiliwa wa waliovuna mashamba unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Kumwambia mama aliyekukatia mahindi Juni asubiri hadi bei ipande Desemba, halafu ukapeleka gunia madhabahuni, ni kutoa sadaka kwa mali ya mtu mwingine. Lipa kwanza. Lumbesa unaikataa ukiwa muuzaji, na una haki ya kuikataa. Basi usiidai unaponunua viazi kwa jirani mwenye shida. Na Walawi 19 inakataza kuvuna hadi pembe za shamba na kurudi kuokota masazo. Waache wajane waingie wakaokote, wala usimtume mtoto awafukuze.

Kuhusu mnada, siwezi kuudharau. Nimeona jogoo aliyefungwa miguu akinunuliwa na akina mama wa jumuiya waliochangishana sarafu, kisha wakampeleka kwa mgonjwa aliyeshindwa kuja ibadani. Nimeona mkungu wa ndizi ukinunuliwa, ukarudishwa mezani na kunadiwa tena, watu wakicheka kwa furaha ya kweli. Mnada huharibika pale mnadi anapoanza kutaja vyeo vya wanunuzi na kuwadhihaki wenye kidogo. Zungumza na wazee walirekebishe hilo. Wewe mwenyewe kama makofi yanakusumbua, toa kimya, ila usiitumie karaha yako kuwa sababu ya kutokutoa.

*Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya mjini, sina shamba. Mwenzangu anasema sisi wa mjini tufuate Wamarekani, tushukuru Novemba. Je, ni sahihi?*

Amina, ndugu yangu. Wamarekani huadhimisha siku yao Alhamisi ya nne ya Novemba, Wakanada Jumatatu ya pili ya Oktoba, kila taifa kwa kufuata mavuno yake. Wamisionari wa Kimoraviani na wa Berlin waliofika Unyakyusa mwaka 1891 walitoka Ujerumani, ambako ibada ya Mavuno huangukia mwanzoni mwa Oktoba, lakini kwetu mahindi hukauka kati ya Juni na Agosti, na ni vema sikukuu ifuate shamba. Novemba sisi tunangoja mvua na kutafuta mbegu. Hata hivyo Kutoka 23 inataja malimbuko ya kazi za mtu, na mshono ni kazi. Shiriki Mavuno pamoja na usharika wako, ukipeleka sehemu ya mapato ya cherehani. Kisha Novemba mkitaka kukutana na kushukuru, kutaneni, na mwulize mwinjilisti ni mtoto gani yatima atakayeanza darasa la kwanza Januari bila sare, umpime na kumshonea mapema.