Umeme ulikatika nikisasisha BIOS. Je, seva ndiyo imekufa?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Natunza kompyuta za SACCOS yetu hapa Morogoro. Tulinunua seva iliyotumika, Dell PowerEdge R740. Juzi nilikuwa nasasisha BIOS (programu ya kwanza inayoiamsha mashine), umeme ukakatika kabla haijamaliza, na betri ya UPS yetu imechoka. Tangu siku hiyo nikiiwasha feni zinavuma kama mashine ya kusaga, skrini nyeusi tii, na taa ya mbele imebaki njano bila kupepesa. Jirani yangu wa dukani anasema ubao mama umekufa, nitafute mwingine. Ni kweli? Na kile kitundu kidogo cha mbele, mfano wa tundu la kuchajia simu za zamani, kina kazi gani? Flashi haiingii.

JIBU: Usitoe hela ya ubao mama kwanza. Kwenye seva za kizazi hicho, njano inayopepesa ndiyo inayolalamikia kifaa kilichoharibika. Njano iliyotulia ina maana seva imejifungia katika hali ya tahadhari, na feni kuvuma hivyo ni sehemu ya hali hiyo.

Ndani ya boksi hilo kuna kompyuta mbili. Kubwa ndiyo unayoijua. Ndogo inaitwa iDRAC, kwako ni iDRAC9. Ina prosesa yake, famuea yake (programu inayokaa ndani ya chipu) na poti yake ya mtandao nyuma ya seva, mbali na zile poti unazounganishia wafanyakazi. Waya wa umeme ukiwa umechomekwa tu, iko macho, hata kama kubwa imezimwa. Umeme ulipokatika, kilichoumia ni BIOS ya kompyuta kubwa. Ndogo huenda ni nzima, na ndiyo yenye kazi ya kumwinua mwenzake: pembeni ya chipu ya BIOS kuna chipu ya pili yenye nakala ya akiba, na iDRAC ndiyo inayosimamia kurudisha nakala hiyo.

Sasa kitundu chako. Hiyo ni poti ya iDRAC Direct, ya aina ya micro-USB, imewekwa kwa ajili ya laptopu. Tafuta kebo ya simu yenye kupitisha data (nyingi za barabarani zinachaji tu, zitakupotezea asubuhi nzima), isizidi futi 3. Zima Wi-Fi na uchomoe kebo yoyote ya mtandao kwenye laptopu, kisha unganisha. Kitaa kidogo kando ya poti kikiwaka kijani, mmeonana. Laptopu itajipatia anwani 169.254.0.4, nawe ufungue kwenye kivinjari https://169.254.0.3. Kivinjari kitakuonya kuhusu cheti cha usalama. Endelea tu, kwa kuwa unaongea na boksi lililo mbele yako.

Jina la kuingilia ni root. Nenosiri la kiwandani ni calvin, au lipo kwenye kile kibao chembamba unachokivuta mbele ya seva. Seva iliyotumika ina shida moja: mwenye mali wa kwanza huenda alilibadilisha. Ikiwa hivyo, mpigie aliyekuuzia leo hii. Wapo watakaokuambia ubonyeze kitufe cha utambulisho, kile cha kuitambulisha seva kati ya nyingine, kwa sekunde 15. Kitendo hicho kinaiwasha upya iDRAC peke yake, nenosiri halifutiki. Kuna pia jampa (kijipini cha kuhamisha kwa mkono) ya PWRD_EN kwenye ubao, lakini njia hiyo inakupeleka kwenye menyu ya F2, ile ya mipangilio inayofunguka seva ikiwaka, na F2 inahitaji BIOS iliyo hai, yaani kitu ambacho huna kwa sasa.

Ukishaingia, soma Lifecycle Log, daftari la matukio ya seva, kabla ya kugusa chochote. Humo utaona kama seva imeshajaribu kujirekebisha au la. Kisha zima, chomoa nyaya zote za umeme, subiri dakika chache, rudisha, iache iDRAC iamke, ndipo ubonyeze kitufe cha kuwasha mara moja. Narudia, mara moja tu, si mara mbili. BIOS ikigundua imeharibika inaweza kuanza kurudishwa yenyewe, na muda huo skrini haikuambii kitu. Mimi niliwahi kuikatiza kazi hiyo mara tatu kwa pupa ya kuzima na kuwasha, huku namlaumu mteja kwa umeme wake. Siku hizi naiacha nusu saa, naenda kunywa chai.

Isipoamka, ingia iDRAC kwa SSH (njia ya kuandika amri kutoka kompyuta nyingine) kupitia kebo ileile na uamuru:

racadm recover BIOS.Setup.1-1

Amri hiyo inalazimisha nakala ya akiba irudishwe. Usianze kwa kupakia faili jipya la BIOS kupitia ukurasa wa iDRAC, ingawa ndilo linalomjia mtu kwanza. Faili litapokelewa, kazi itapangwa foleni, kisha itasubiri seva iwake ili itekelezwe, na yako haiwaki. Faili hilo ni la baadaye. Seva ikishasimama, pakia lile lenye mwisho wa .exe hata kama unatumia Linux, iDRAC haijali. Au tumia Rollback kwenye Maintenance, System Update, urudi toleo la awali. Unganisha skrini halisi kwa VGA, kwa sababu kutazama skrini ya seva ukiwa ndani ya iDRAC kunahitaji leseni ya Enterprise, na seva nyingi zilizotumika hazina.

Hayo yote yakigoma, jirani yako atakuwa amepatia. Hata hapo R740 ina Easy Restore: namba ya huduma, leseni na mipangilio huhifadhiwa kwenye flashi ya akiba, na ubao mpya ukiwekwa seva hukuuliza kama irudishe taarifa hizo. Kubali. Wengine huikataa bila kusoma, kisha wanaanza kuhangaikia leseni.

Safari ijayo, sasisha iDRAC kabla ya BIOS. Kama iDRAC yako iko chini ya toleo 3.30.30.30, pitia hilo kwanza ndipo uende 4.00.00.00 na kuendelea. Seva ikiwa na pawasaplai mbili, moja ichomeke kwenye UPS yenye betri inayofanya kazi. Na poti ile ya nyuma ya iDRAC usiiache ionekane kwenye intaneti hata siku moja, hasa kama nenosiri bado ni calvin.

Ukikwama, niandikie mistari mitatu ya mwisho ya Lifecycle Log kama ilivyo, pamoja na namba ya ujumbe iliyo mwanzoni mwa kila mstari.