Kerneli yangu ya FreeBSD haionyeshi namba ya marekebisho

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Seva yetu ya kazini inatumia mfumo endeshi wa FreeBSD; nikiandika uname -a, amri inayotaja toleo la kerneli (kiini cha mfumo), naona 13.0-RELEASE, kisha releng/13.0-n244733-ea31abc261f. Kwenye seva nyingine kerneli nimeikompaili mwenyewe kutoka msimbo, nayo inaonyesha tawi (mkondo wa msimbo, hapa releng/13.0) na ea31abc261f tu, bila ile n. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hujakosea, umepakua kwa kubana matumizi ya bando. Msimbo hutunzwa kwa git, programu inayohifadhi historia ya mabadiliko. Nadhani ulitumia git clone --depth 1, inayopakua badiliko la mwisho tu, sivyo?

Maneno yale hutungwa na skripti iitwayo newvers.sh, iliyomo kwenye folda ya sys/conf, wakati kerneli inajengwa. Huiuliza git mambo mawili: alama ya badiliko la mwisho, yaani ile ea31abc261f, na idadi ya mabadiliko yaliyopangana kwenye tawi hilo tangu mwanzo. Idadi ndiyo n244733. Ukipakua kwa --depth 1 historia haipo, kwa hiyo skripti haina cha kuhesabu na huiacha n kabisa. Afadhali hivyo kuliko ikuandikie n1.

Ingia /usr/src, andika git fetch --unshallow, kompaili upya, sakinisha, kisha washa mashine upya. Usisahau hilo la mwisho: uname husoma kerneli inayofanya kazi sasa hivi, si iliyolala kwenye diski. Toleo la ile ya kwenye diski utaliona kwa freebsd-version -k, ila bila n wala alama.

Siku nyingine ukikuta hata alama yenyewe haipo, angalia kwanza kama git imesakinishwa, maana haiji na mfumo wenyewe. Msimbo uliofunguliwa kutoka faili la src.txz nao hauna historia yoyote ya kuulizwa.

Zamani, enzi za Subversion, programu iliyotunza msimbo kabla ya git, mambo yalikuwa mepesi: 12.1-RELEASE iliandika r354233, namba ya mfuatano, basi. Msimbo ulipohamia git Desemba 2020 ikabaki alama isiyosema ipi ilitangulia ipi, ndiyo maana n ikaongezwa. Ila ilinganishe ndani ya tawi moja tu. N ya stable/13 na n ya main hazipimani.

Ukiona -dirty mwishoni, kuna faili umeligusa bila kulikabidhi kwa git. Kwenye mashine ya majaribio sawa. Kwenye seva ya kazini mimi siikubali, kwa sababu hitilafu ikitokea hakuna atakayejua hasa ni msimbo gani uliokuwa unaendeshwa. Andika git status uone ni faili gani kabla ya kukompaili.